Oili Ipo Pale Pale

Juzi nilikuwa gereji moja hapa Mbinga, akaingia mzee mmoja mkulima wa kahawa na gari lake la turbo, linafuka moshi wa bluu.

“Shikamoo, mzee. Linakula oili?” fundi akauliza.

“Marahaba. Halili hata tone. Kila Jumapili kabla ya misa napima, oili ipo pale pale.”

“Na huongezi?”

“Naongeza lita moja, ndipo napima.”

Fundi akafungua bomba la turbo, akaingiza kidole, kikatoka kimelowa. “Oili inavujia huku, mzee. Ukiendelea hivi injini itakufa.”

Mzee akakikagua kile kidole. “Si nimekwambia? Oili ipo.”

Siku hizi mtu akiniambia mambo yake yako pale pale, namuuliza kwanza ameongeza nini.