Eda ya Mtia Makaa

Nilijua ukurasa wa tatu una nini kabla bibi hajanisogezea mto nikae. Mjomba, karani kwa Waingereza wa mafuta, ndiye aliyeleta karatasi zile tatu zilizopigwa taipu: habari za nyambizi moja ya Kijerumani, tangu iliposhushwa majini mpaka ilipozamishwa pamoja na watu wake wote. Kiingereza nyumbani tulikuwa nacho mimi na mjomba tu, na mjomba alisema yeye hawezi kumsomea bibi.

Babu alikuwa mtia makaa, huko chini kwenye injini ya meli ya mizigo. Meli ilipopotea vitani, watu walimwambia bibi kuna waliookolewa wakapelekwa Bombay. Basi hakukaa eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane. Wachumba akawakataa. Hata tulipokimbia Unguja alimwachia jirani maagizo, babu akija aambiwe tuko Maskati.

"Soma, mke mwenzangu," bibi alisema. Ndivyo alivyozoea kunitania. "Na utoe sauti, usinong'one kama mwizi."

Nikasoma. Nahodha wa kwanza, nahodha wa pili, safari ya kwenye barafu, safari iliyorudi bila kuzamisha kitu.

"Mdachi mvivu huyu," bibi akacheka. Mjerumani kwake alikuwa Mdachi.

Mwisho wa ukurasa wa pili nikasema, "Imekwisha, bibi."

"Kusoma sijui. Kuhesabu nnajua. Hiyo ya tatu ina nini?"

Nikasoma bila kuinua uso. Jina la meli ya babu. Topido mbili, mabomu ya kupitia majini. Ya kwanza ilipiga chumba cha injini, na wa huko chini hakutoka hata mmoja. Ilikuwa bahari hii hii, mwendo wa siku moja kutoka hapa. Tarehe nayo ilikuwepo.

Bibi akavua bangili zake za dhahabu, akanipa nishike. Akataka nguo isiyo na maua. Mjomba akatumwa kwa sheikh kuuliza eda inaanza leo au kesho.

Alirudi akasimama mlangoni. "Mama, huna eda. Inahesabiwa tangu siku aliyokufa. Imeshapita zamani."

"Imepita mimi niko wapi?"

 Akataka tarehe tena, mjomba akaigeuza ya Kiislamu. Bibi akahesabu kwa vidole: mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapo kidole kikasimama. Mwezi ule ndio alioolewa mama yangu.

"Nilitia hina," alisema. "Mpaka vifundoni. Nikacheza."

Bangili nilikuwa nazo bado. Nikamnyooshea, hakuzipokea.