Tairi Juu ya Tairi

Hakuna baiskeli ambayo Ndeti aliipita bila kuingiza kidole cha mwisho kati ya tairi na foki, ule uma unaoshika gurudumu, hata kama ni ya mgeni, imeegemezwa nje ya duka. "Baba Muthoki, watu watasema unataka kuiba," mkewe Kaluki alimkanya miaka nenda miaka rudi. Hakuacha.

Kabla ya hapo aliuza maziwa huko Malili, akiyazungusha kwa baiskeli, na hakuna aliyemshinda mbio. Mhandisi mmoja Mzungu, kazi yake ya barabara ilipokwisha, alimwachia baiskeli ya mashindano. Ilikuwa nyepesi ajabu, tairi nyembamba, na foki ilizikaribia mno. Ilitengenezwa kwa ajili ya lami. Ndeti aliisugua kila jioni, na Kaluki alijua sababu. Mshindi wa mashindano ya Sikukuu ya Jamhuri mwaka ule wa themanini na sita angeingia timu ya mkoa, na umri ulikuwa unampita Ndeti.

Siku chache kabla, njia ikahamishwa kutoka lami hadi mbugani, kwenye miiba. Ndeti akafanya kama wafanyavyo watu wa huku kwa baiskeli zao za mizigo: akakata waya za kingo za tairi kuukuu, akaivika juu ya ile nzima ili miiba isiipenye.

"Inakaribia kugusa foki," Kaluki alisema, akizungusha gurudumu.

"Si inapita?"

"Inapita pakiwa pakavu. Mvua je?"

"Mvua yenyewe imetukimbia mwaka mzima, Mama Muthoki. Ndiyo ije siku yangu?"

Ilikuja alfajiri ya siku yenyewe ya mashindano. Udongo mweusi wa Malili ukilowa hunata kama ugali mbichi. Ndeti alikuwa mbele, peke yake, Kaluki akimtazama kutoka ukingoni, mara gurudumu likagoma. Akashuka, akachokoa kwa kijiti matope yaliyojaa kati ya tairi na foki, akapanda. Likagoma tena. Akachokoa kwa kucha. Mwishowe akaitupa baiskeli begani, akakimbia.

Muthama, muuza mikate, akampita kwa baiskeli yake nzito ambayo foki yake ingepitisha ngumi.

"Ndeti! Siku hizi baiskeli ndiyo inakupanda wewe?"

Muthama ndiye aliyechukuliwa na timu ya mkoa. Ndeti alimpelekea fundi foki aipanue kwa moto, ikavunjika. Lakini kilichomla zaidi ni maneno ya watu. Sokoni walisema alichoka. Kanisani pia. Aliwaeleza habari za matope mpaka wakaanza kumkwepa, na Kaluki akachoka kusikiliza, ingawa hata mara moja hakumkumbusha kwamba alimwonya.

Alipougua, mwaka wa tisini na tano, washirika wa kanisa walikuja kumwombea. Muthama akamshika mkono kwa upole. "Ulijitahidi, ndugu yangu. Siku ile ulichoka tu."

Walipoondoka, Ndeti aliivuta leso aliyojitanda Kaluki mpaka mkewe akainama.

"Mama Muthoki, wewe ulikuwa pale. Waambie sikuchoka."