Siku simu yangu ya upepo ilipigwa muhuri wa mizani, hapa Ruiri

Wakuu, hamjambo wote. Mimi ni cucu, yaani nyanya, wa Ruiri, nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hivyo mkiona herufi zimelala, mziamshe wenyewe.

Nimeona vile mnabishana hapa juu ya vijana wa WiFi wanaofunga masahani kwa paa huku kwetu, kama ni lazima vyombo vyao vipimwe na serikali ama ni kusumbua watu tu. Nitawaambia yaliyonipata mimi. Sitaongeza chumvi, na majina nayakumbuka yote.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwishomwisho. Simu ya mkononi tulikuwa tunaisikia tu kwa redio.

Huko Kiirua kulikuwa na fundi wa redio, M'Ikiara. Alikuwa na simu ya waya kwa duka yake. Akanunua mashine ya kurusha hiyo simu kwa upepo, akasimamisha mti mrefu na antena juu, na upande wa pili akaniwekea mimi, kwa duka yangu hapa Ruiri. Yaani alikuwa provider, vile nyinyi mnasema, kabla hilo neno halijafika.

Mtu akipiga Kiirua, inalia Ruiri. Wamama walikuwa wanakalia magunia yangu ya maharagwe wakingoja habari, kama wako hospitali.

Mimi pia nilikuwa nangoja. Nkatha, bibi ya kijana wangu Mwenda, alikuwa amelazwa Embu na mimba ya kwanza, na siku zilikuwa zimepita. Barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua. Mwenda aliniambia, "Mama, usitoke karibu na simu."

Basi Jumatatu M'Ikiara akanipigia.

"Mama Mwenda, kuna mtu wa serikali anazunguka. Anabeba kila chombo cha upepo hakina muhuri."

"Muhuri gani?"

"Hata mimi sijui. Ficha!" Akakata.

Nifiche wapi kitu kinalia?

Sasa, mwenye duka yeyote wa umri wangu anajua muhuri. Kila mwaka watu wa mizani walikuwa wanakuja sokoni. Tunapanga laini na mizani zetu, wanapima na mawe yao, ikiwa sawa wanagonga chapa kwa nyundo. Muhuri wa serikali niliyojua mimi ni hiyo tu. Na walikuwa wanakuja Jumatano.

Jumatano nikapanga laini. Mkono wa kulia mizani, wa kushoto simu.

Nyuma yangu alikuwa Mama Karimi wa viazi. "Mama Mwenda, hiyo nayo inapima nini?"

"Inapima maneno."

"Kwa hayo yako itavunjika leo."

Wa kugonga alikuwa mzee anaitwa Kithinji. Mkubwa wake alikuwa ameenda chai. Kithinji akageuza simu, akaitingisha, akasema hii si kazi yake. Nikamwambia habari ya Nkatha. Akaangalia upande wa hoteli, akashika nyundo, ko! Chapa ikaingia, plastiki nayo ikapasuka kidogo. Nikaifunga na plasta, nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu ametoka kubatizwa.

Ijumaa mchana gari ya serikali ikasimama. Akashuka Bwana Nyaga, Mwembu, mtu mpole, shati imepigwa pasi mpaka kola. Nikampa chai. Hata kabla hajauliza, nikaweka simu mbele yake, chapa ikiangalia juu.

Akaangalia. Akavua miwani. Akavaa tena.

"Mama, kulingana na serikali, hii ni mizani ya maharagwe."

"Lakini ni muhuri."

"Ni muhuri," akakubali.

Ndio akanieleza. Hiyo mashine ya M'Ikiara haikuwa imepimwa mahali popote, na ilikuwa inaingilia redio za shamba moja kubwa Timau. Msimamizi akiita trekta, anapata wamama wa Ruiri. Timau yote ilijua vile beberu ya M'Mugambi ilikula blanketi ya mama mkwe wake.

"Na wewe," akasema, "wamenituma nikuulize kama Nkatha amejifungua."

Nilicheka sana. Halafu akasema kuna mfanyakazi alikatwa mguu na mashine, wenzake wakaita gari kwa redio, lakini kwa dakika nyingi aliyesikika ni mimi nikieleza mtu uji wa mama mzazi. Nikaacha kucheka.

"Bwana Nyaga, niachie mpaka nipate habari."

"Siwezi, mama."

Akashika simu mkono mmoja, wa pili ukienda kwa waya ya betri. Ikalia.

Tukaangaliana. Akaiweka sikioni. Nilisikia Mwenda akipiga kelele huko ndani.

"Anasema Ciokaraine amezaliwa," Bwana Nyaga akasema. "Kilo tatu na nusu. Ciokaraine ni nani?"

"Ni mimi."

Nikakaa chini juu ya maharagwe. Kwetu msichana wa kwanza anaitwa jina la nyanya mzaa baba, na Embu pia ni hivyo, kwa hivyo hakuuliza mara ya pili. Akanipa simu.

"Ongea polepole, Timau wanasikia."

Nikauliza Nkatha kwanza. Alikuwa mzima. Bwana Nyaga alingoja mpaka nikamaliza kulia na yeye akamaliza chai. Halafu akafungua waya, akaniandikia karatasi, akabeba simu. Sikumlaumu.

Wiki iliyofuata lori ya lile shamba ikapita, dereva akashusha gunia ya kabeji. "Ya Ciokaraine mdogo," akasema. "Na mama, tangu mnyamaze, kazi imekuwa baridi sana."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: upepo hauna ua. Chombo chako kisipopimwa, kinaingia kwa jirani, na jirani anaweza kuwa na mtu anavuja damu. Kijana akija kukufungia sahani, mwambie alete setifiketi, na usome ni ya nini.

Ciokaraine mdogo sasa ni mama wa watoto wawili. Kama kuna mtu hapa alikuwa Timau siku hizo na alitusikia, aseme. Lakini mambo ya beberu tuache, M'Mugambi bado ako hai na ana bundles za kusoma hapa.