Bolethe, Msomaji wa Matumbo ya Sili

Kijijini kwetu kaskazini, kwenye bahari ya barafu, mwindaji akirudi na sili, yule mnyama wa majini mwenye manyoya, kazi yake huishia ufukoni. Kuchuna ni kwetu sisi wanawake, na katika wote niliowahi kuwaona na kisu mkononi, sijamwona wa kumfikia Bolethe. Wengine tulichuna mbiombio mikono isije ikaganda. Yeye alikuwa na lake. Kabla hajagawa nyama alilitoa lile fuko la chakula, akalipasua, akalimimina kwenye beseni jeupe, kisha akainama juu yake kama mtu anayechambua mchele.

Humo ndimo alimosoma bahari. Akikuta samaki wadogo wembamba, wale wanaoishi chini ya barafu, alisema maji bado ni baridi, sili hawajahama, nendeni palepale. Akikuta dagaa alikunja uso, maana dagaa wa kwetu hupanda na maji ya vuguvugu kutoka kusini, na sili atawafuata hata kama ni mwendo wa siku tatu. Akikuta fuko tupu lenye mawe mawili matatu, alilitupia mbwa asiseme neno. Siku hiyo kila mtu alijua njaa inakuja.

Wanaume walijifanya wanamtania tu.

"Bi Bolethe, kitabu kinasemaje leo?"

"Kinasema ukaoge."

Lakini kesho yake ungeziona boti zao zimeelekea kulekule alikosema.

Alifiwa na baba akiwa na miaka saba, kifua kikuu, mama yake mjamzito. Mtoto alipozaliwa akapewa jina la marehemu, Enok, na kwetu jina halirudi peke yake, humrudisha na mwenyewe. Basi Bolethe alimbeba mdogo wake mgongoni huku akimwita baba. Wakazeeka hivyo. Enok hakuoa, aliishi kwa dada yake pamoja na mbwa wake kumi na mmoja wa kuvuta sleji barafuni, na ukipita dirishani kwao asubuhi ungewasikia, mmoja ana miaka sitini na moja, mwingine hamsini na minne:

"Baba, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Funga vifungo vyako, nje kuna upepo."

Mwaka ninaousimulia, barafu ya bahari ilikuja Februari, nyembamba kama ganda la yai, na Aprili ikavunjika. Sili hawakupata pa kutoboa matundu yao ya kupumulia wala pa kuzalia, wakatoweka. Kiangazi kikatukuta vichanja vya kukaushia nyama ni vitupu. Mbwa wa kwetu wanaishi kwa nyama ya sili, na asiyeweza kuwalisha huwapiga risasi mwenyewe, hamwachii jirani aibu hiyo. Enok alikuwa ameshawapiga watatu. Akaapa kwamba wanane waliobaki wataiona barafu ya msimu ujao, liwalo na liwe.

Agosti, mume wangu Therkel akapata sili mmoja. Alimkuta amelala juu ya kipande cha barafu ndani kabisa ya ghuba, kule mto wa barafu unakoingia baharini na kusimama kama ukuta. Alimpiga palepale, akamfunga kamba, akamkokota majini mpaka botini, akampakia, akamleta kwa Bolethe. Tukalizunguka beseni. Humo mlikuwa na uduvi mwekundu tele, vichwa vya samaki wa barafu, na tope la kijivu, laini kama unga. Bolethe akalisugua lile tope kwa vidole.

"Hili limetoka chini ya mto wa barafu," akasema. "Bahari yote imepata joto, pale ukutani tu ndipo pamebaki baridi. Maji ya barafu inayoyeyuka huko chini yanabubujika juu na kuuleta uduvi. Chakula kimejibanza ukutani, na sili wamekifuata."

Kisha akapima mafuta kwa vidole vyake. "Vidole vitatu. Wamenona. Ukimpiga ataelea."

Neno hilo hakuna aliyelitilia shaka. Sili wa mwanzo wa kiangazi amekonda, ukimpiga anazama kama jiwe. Sili wa Agosti ana mafuta, anaelea, unamfuata kwa raha zako. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kuvaa buti. Tulijua pia, naapa tulijua, kwamba anayembeba sili si mafuta peke yake bali ni mafuta na chumvi ya bahari, na kwamba yale maji ya kahawia ya barafu iliyoyeyuka chini ya ukuta, rangi ya chai ya maziwa, hayana chumvi hata chembe. Lakini siku ile njaa ilikuwa imekaa katikati yetu, na hakuna aliyekumbuka. Bolethe alisoma chakula, akasoma mafuta. Maji hakuyasoma.

"Umesikia, Therkel?" Enok akasema. "Binti yangu ameshasema."

"Ukuta ule unamomonyoka, bwana. Juzi kimeanguka kipande kikubwa kuliko kanisa."

"Mimi nitakaa mbali. Nampiga, anaelea, nangoja mkondo uniletee. Kwani nina haraka ya nini?"

"Ya mbwa."

"Mbwa wangu ni waungwana kuliko wewe. Watangoja."

"Usisogee, baba," Bolethe akamwambia. "Hata ukiona sili wa dhahabu."

"Wewe ukifa tutakuzika na beseni lako hilo, mtoto usiye na adabu."

"Na wewe na njaa yako."

Tukacheka. Enok alicheka kuliko sote.

Waliondoka na boti mbili, yaliyotokea huko nimeyapata kwa mume wangu. Ukutani shakwe walikuwa wamefunika maji, na sili walikuwa wakiibuka kati yao, wanene, hawana habari na mtu. Enok akasimama mbali kama alivyoahidi. Akapiga wa kwanza. Yule sili akageuka, akazama, pakabaki duara la damu. Akapiga wa pili, naye akazama. Wa tatu hivyohivyo. Therkel anasema kwamba baada ya yule wa tatu Enok alikaa kitambo na bunduki mapajani, akiangalia maji. Kisha akampiga wa nne, akawasha injini kwa nguvu zote, chusa mkononi, ule mkuki wenye kamba na boya, amuwahi kabla hajazama.

"Nilimwita," Therkel huniambia hadi leo. "Nilimwita mpaka sauti ikakatika. Alimwahi. Alimchoma, akanyanyua mkono kunionyesha."

Ndipo ukuta ukaanguka.

Bahari haikumrudisha. Wanaume waliokwenda kumtafuta walikuta boti imepinduka, na mbali kidogo boya la chusa linaelea, kamba imevutika kwenda chini. Walipoivuta, sili wa Enok alikuwepo mwisho wake.

Wanaume hawakujua wamfanyeje yule sili. Kumwacha ni dhambi. Wakamleta ufukoni, na Bolethe akaja na kisu chake. Nikamwambia, dada, acha nichune mimi leo. Akanisogeza kando. Alimchuna mwenyewe, akapasua fuko, akamimina. Uduvi mtupu, mpaka ukafurika ukingoni mwa beseni.

"Nilisoma sawa," akasema. "Sili walikuwepo."

Kisha akaishika ile kamba ya chusa, akaishika muda mrefu sana.

Nyama ile waliila wale mbwa wanane, kwa siku mbili. Siku ya tatu Bolethe alimwomba Therkel aje na bunduki, maana hapakuwa tena na mwanamume katika nyumba ile. Beseni akaliweka chini ya kitanda. Tukasimamisha msalaba mweupe makaburini, chini yake hakuna mtu.

Novemba nikajifungua mtoto wa kiume, tukampa jina la Enok, kama ilivyostahili. Nikampeleka kwa Bolethe amsalimie. Nyumba nzima tulikuwa tunangoja aseme baba. Akampokea, akamtazama.

"Hujambo, mtoto," akasema, akanirudishia.

Watu walinung'unika, wakasema anamkataa marehemu. Mimi sikumlaumu. Aliyefiwa na baba yake mara mbili ana haki ya kuogopa wa tatu.

Msimu wa baridi uliofuata ukawa vilevile, barafu ya kuazima. Agosti Therkel alikuwa na mbwa kumi ambao mbavu zao ungeweza kuzihesabu kutoka dirishani. Akaenda ndani ya ghuba, akarudi na sili mmoja aliyemkuta juu ya kipande cha barafu. Tope la tumboni mwake lilikuwa lilelile la kijivu. Akalichukua fuko, akenda nalo kwa Bolethe, nami nyuma yake na mtoto.

"Bi Bolethe, soma."

"Sisomi siku hizi."

"Tope nimeliona mwenyewe. Niambie tu wamenona kiasi gani."

Bolethe akageukia dirisha.

"Basi nitakwenda kuwaangalia. Mbwa wangu hawali kimya chako."

Bolethe akainuka. Hakuligusa fuko. Aliishika kamba iliyokuwa begani mwa mume wangu, ile aliyomkokotea sili majini kulekule, ambayo sasa ilikuwa imekauka. Akaipitisha ulimini.

"Lamba," akasema.

Therkel akalamba.

"Ina chumvi?"

"Haina."

"Mwaka jana kamba yako ililala hapa mlangoni mwangu, karibu na mguu wangu. Sikuilamba." Akaketi. "Sili wapo, Therkel. Wamejaa, wamenona. Lakini ukimpiga mmoja, hutamwona tena. Usiende."

"Na mbwa wangu?"

Bolethe akanigeukia mimi. Alinyoosha mikono, nikampa mtoto. Therkel akatoka bila kuaga. Hakwenda upande wa boti. Alikwenda nyuma ya nyumba yetu, kwenye minyororo ya mbwa.

Mlio wa kwanza wa bunduki ulimshtua mtoto. Bolethe akamziba masikio kwa viganja vyake vinavyonuka mafuta. Bunduki ililia mara sita. Baada ya ule wa sita tulingoja, hakukuwa na mwingine, akaviondoa viganja.

"Baba," akamwambia mtoto, "umekula?"

Nikamjibia mimi, kwa kuwa mwenyewe hajui kusema.

"Bado," nikasema.