Nani Atamwashia Ba Moto

Mimi mtu akiniambia dunia imekuwa kijiji, natamani kumrushia spana. Na spana ninazo tele, maana duka letu la vipuri vya mashine za kusaga liko hapa mjini Dodoma tangu enzi za babu yangu, aliyetoka Gujarati, India, na sanduku moja. Baba aliuza injini za Mwingereza. Zilipoadimika akauza za India. Mimi nauza za China, na mafundi wa mtaa wa Kizota wanachanganya zote tatu kwenye kinu kimoja, na kinasaga vizuri tu. Kwa hiyo habari za Mashariki na Magharibi kukutana sikuzisoma chuoni. Nimeziona zikitoa unga.

Lakini kijiji? Kijiji gani hicho ambacho mtu hawezi kuja kumwona mama yake anayekufa?

Mama yangu tulimwita Ba, ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama. Alizaliwa Dodoma, akaolewa Dodoma, akazeekea Dodoma, na alipolala kitandani asiinuke tena alibaki na ombi moja tu. Sisi ni Wahindu, na katika ukoo wetu baba akifa, mtoto wa kiume wa kwanza ndiye anayewasha moto wa kumchoma. Mama akifa, anawasha wa mwisho. Ba alizaa wawili, mimi binti na mdogo wangu wa kiume, basi hapakuwa na wa kuchagua. "Aje aniwashie," alikuwa akisema, "kisha arudi zake." Utadhani anazungumzia taa ya sebuleni.

Mdogo wangu yuko Uingereza. Alikwenda kusoma, akaoa huko, akapata binti. Kisha sheria zao zikabadilika, zikabadilika tena, na maombi yake ya kuishi yakawa mezani kwa watu asiowajua hata sura. Maombi yakiwa mezani hutoki nchini. Ukitoka, umejifuta mwenyewe. Akaniahidi kwamba mwezi ujao mambo yatakuwa sawa. Mwezi ukija, anasema mwezi ujao. Nilikuwa namtukana, nakata simu, nalia, halafu nampigia tena kumuuliza kama amekula.

Ba hakumtukana hata siku moja. Simu tuliiweka juu ya mto wake, tukaiegemeza kwenye kopo la dawa, na mdogo wangu akiwa kazini aliiacha ya kwake wazi mfukoni, tukawa tunasikia mabasi ya watu na mvua ya watu. Saa ya kula ndiyo iliyonivunja moyo. Ba alichovya kidole kwenye uji akakipaka kwenye kioo cha simu, pale ulipo mdomo wa mwanawe. Naye kule, jitu zima lenye mvi, anafungua mdomo na kujifanya anameza. Kazi yangu mimi ilikuwa kufuta kioo.

Upande wa pili kulikuwa na Masi, mdogo wake Ba, aliyeolewa India tangu usichana wake. Kila jioni anapiga. "Mleteni huku afie karibu na mto mtakatifu. Huko porini mtamchoma wapi?" Ba akimsikia anakasirika. "Niende India nikafanye nini? Simjui mtu, na Kigujarati changu kimejaa Kiswahili, watanicheka mpaka nife kabla ya siku yangu." Masi anataka mama aende Mashariki, mwana hawezi kutoka Magharibi, na mimi niko katikati na beseni la kumwogeshea mgonjwa. Nilichoka, jamani. Nilifika mahali naingia stoo ya duka, nafunga mlango, napiga kelele kwenye gunia la mikanda ya mashine.

Ba akiwa anazidi kuishiwa nguvu, nikaletewa mwaliko. Dodoma tangu serikali ihamie hapa haiishi mikutano. Huo ulikuwa wa maelewano kati ya Mashariki na Magharibi, nami nikaombwa nihudhurie kama mwakilishi wa jamii, tena nije na sari. Nilitaka kuuchana. Ba akasema, "Nenda, mjinga wewe. Huko hapakosi mtu wa ubalozi." Basi nikavaa sari ya harusi, zile nyingine panya walishazimaliza.

Wageni wa Magharibi walikaa kulia, wa Mashariki kushoto, na sisi wenye mji nyuma karibu na meza ya chai. Wakapeana bendera ndogo. Wakapeana vinyago, tena vya kwetu. Mmoja akasema ustaarabu ni daraja, mwingine akasema hapana, ni bustani. Ilipofika zamu ya maswali nikasimama. Kwa Kiingereza changu cha kuuzia vipuri nikasema, mama yangu anakufa mtaa wa pili kutoka hapa. Mwanawe yuko kwenu. Afanye nini ili aje kumwona na aruhusiwe kurudi kwa mke na mtoto wake? Mwongozaji akatabasamu, akasema ni swali zuri sana, ila tuzingatie mada. Mada! Nilikaa chini.

Wakati wa chai mzee mmoja wa Kizungu alinifuata. Mpole kweli, machozi yalimlengalenga. Akasema anasikitika mno, na kwamba mdogo wangu aandike kupitia tovuti. Mama mmoja wa ujumbe wa Mashariki akanishika mikono yote miwili, akaniambia kwao mzazi ndiye mungu wa kwanza. Nikamshukuru, ningesemaje? Kisha tukapigwa picha, mimi katikati, uso umevimba kama andazi. Niliporudi nyumbani Ba alinitazama mara moja tu, akaigeukia simu.

Siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa jikoni nachemsha maziwa, nikasikia sauti ya mdogo wangu ikipiga kelele chumbani. "Dada! Dada, njoo! Ba hapumui!" Mtu aliye ng'ambo ya bahari ndiye aliyeniita nije chumba cha pili. Nilikimbia. Ni kweli, alikuwa ameshaondoka, na kidole kimoja bado kina uji.

Masi akasema kutoka India, achomwe kabla jua halijazama, kuchelewesha ni dhambi. Mdogo wangu akasema kutoka Uingereza, nisubirini, wakili anaomba ruhusa ya dharura. Wote wawili wanalia, kila mmoja kwenye simu yake. Nikaamua kusubiri. Tukampeleka Ba chumba cha maiti hospitali.

Wa kwanza kufika nyumbani alikuwa jirani yetu, mama wa Kirangi mwenyeji wa kijiji cha Busi, anayeuza asali sokoni. Yeye na Ba walikuwa mashoga tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana. Mnazika lini? Maana maiti hangoji, kwetu sisi Waislamu angekuwa ameshasitiriwa."

"Namngoja mdogo wangu, mama. Ndilo alilotaka Ba."

Akatikisa kichwa, akajifunga kanga, akatoka. Jioni alirudi na wanawake wa mtaa mzima, Warangi na Wagogo, Waislamu na Wakristo, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Hapa kwetu msibani huendi mikono mitupu, unapeleka kuni ili waombolezaji wapikiwe. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba kwetu Wahindu jiko haliwashwi nyumbani mpaka maiti aondoke. Wakazirundika uani hadi usawa wa dirisha. Niliona haya kuwaambia, nikawashukuru tu.

Kesho yake mdogo wangu akapiga. Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Wamesema naweza kuondoka. Kurudi hawaahidi. Nikitoka, maombi yangu yamekufa. Dada, sema wewe. Nije au nisije?"

Nilimporomoshea matusi ya Kigogo, maana ya Kigujarati hayakunitosha. "Mimi? Unanipa mimi? Mama ni wako, mtoto ni wako, unanipa mimi?"

"Wewe ndiye mkubwa."

Kwenye kioo nilimwona binti yake nyuma yake, amekaa mezani anakula mkate, miguu inaning'inia, haifiki chini. Nilimtazama yule mtoto, nikamkumbuka Ba na ombi lake moja. Mungu wangu, nilitamani ardhi inimeze. Hakuna jibu ambalo lisingemuua mtu.

"Baki na mwanao," nikasema.

Akalia. Alilia kwa ahueni, kama mtu aliyefunguliwa kamba, na hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe.

Nikadhani ubaya umeisha. Kumbe bado kuni. Tulikuwa tumeagiza lori la kuni kutoka kijiji cha Haneti, nalo likazuiliwa njiani, likatakiwa kibali cha mazao ya misitu ambacho dereva hakuwa nacho. Kumchoma mtu kunataka kuni nyingi, na Dodoma kuni huokoti barabarani. Watu wameshakusanyika, Ba ameshaletwa, jua limeshavuka utosi. Nikasimama uani kama mwehu. Halafu nikatazama lile rundo, na yule mama wa Busi akaniona ninavyolitazama.

"Hapana," akasema. "Astaghfirullah! Mwanangu, mimi nilileta za kupikia."

"Sina nyingine, mama."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi, akajifunika uso kwa kanga. Kwao moto ni adhabu, hakuna mtu anayemtakia maiti wake moto, na huyu alikuwa shoga yake. Wanawake wengine wakawa wanamngoja yeye. Nilikuwa tayari kumpigia magoti. Sikuwa na mdogo, sikuwa na lori, sikuwa na pa kwenda, na Ba alikuwa amelala sebuleni na maua yake yananyauka.

Kisha akainuka, akachukua mzigo wake mwenyewe wa migunga, akaupakia kwenye pikapu yetu ya dukani.

"Kutazama sitaweza," akaniambia. "Lakini zikiwa chache atateseka. Chukua zote." Wengine wakafuata, kila mmoja na mzigo wake.

Mahali petu pa kuchomea pako nje ya mji. Wanawake wetu kwa desturi hawafiki pale, na mzee wa hekalu akanizuia getini. Nikamwambia, haya, washa wewe. Akasema Ba si mama yake. Nikamuuliza, ni mama wa nani hapa? Akatazama huku na huku, akanipisha.

Nilimmwagia samli. Nilimzunguka kama nilivyoelekezwa, mkono mmoja mwenge, mkono mwingine simu, ndani ya simu mdogo wangu amevaa nguo nyeupe, amekaa kwenye sakafu ya chumba chake. Nikaomba radhi kwa Ba kwamba ni mimi. Nikawasha. Migunga mikavu haitaki kubembelezwa, ikashika mara moja.

Moto ulipokuwa umeshapanda, mdogo wangu akasema, polepole, "Ungeniambia nije, ningekuja. Neno moja tu, dada. Ningekuja."

Mkono wangu wote ulitaka kuitupa ile simu motoni.

"Ungetaka, ungekuja bila kuniuliza," nikamwambia.

Moshi ukageukia upande wangu, macho yakawa hayaoni. Sikukata simu. Nilimshikia hivyohivyo atazame, bega likiniuma, mpaka chaji ikaisha.