Bwana Afya kasema tutoe vitu vyote nje, na uvunguni kuna sabuni ya Kenya

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo vipi. Hii ni kweli tupu. Chumvi nimeweka kidogo tu isije ikaoza njiani.

Miaka ile ya foleni, sabuni dukani hakuna, watu tunafulia majani ya mpapai.

Nilikuwaga nakaa Kigera, hapo Musoma. Mbu wa kule msiwaguse. Wakitua kwenye bati unakimbia kuanua nguo, unajua mvua hiyo.

Mke wangu Nyangeta ana mimba ya kwanza. Malaria inamlaza, anaamka, inamlaza tena. Nesi kasema ikirudi, mimba haibaki.

Ndo akaja Bwana Afya na vijana wake wa pampu za mgongoni, wanapuliza dawa majumbani. Sharti moja: toa vitu vyote nje, mpaka kitanda.

Wakuu, mtaa mzima ukaokoka ghafla. Huyu dhehebu lake halitaki dawa, yule kuku wake wana presha. Balozi wetu wa nyumba kumi, ndo mtu wa kutuhamasisha, kasema mbu hawa wametoka Kenya, wakapuliziwe kwao.

Ukweli? Kila uvungu una sabuni ya magendo, na ukishikwa nayo ni jela. Border mbu anavuka, sabuni inavuka, ila anayetafutwa ni sabuni tu.

Mi nina boksi zima. Nikamwambia Bwana Afya ndani kuna mgonjwa, apite tu.

Nyangeta huyo, katoka na boksi kichwani, tumbo mbele, akalitua uwanjani watu wote wanaona.

"Mume wangu, nikifia humo ndani si ndo mtaniosha nayo hii? Acha wapulize."

Balozi akaangalia mawingu. Mi miguu ikaanza safari ya Bunda yenyewe.

Bwana Afya akaitazama ile sabuni, akauliza kitanda mbona hakijatoka. Wakapuliza. Walipomaliza akanivuta pembeni.

"Ndugu, dawa hii tunatakiwa tunawe na sabuni. Tangu tuanze kazi hatujapewa hata kipande."

Nikakata mche. Wakanawa mpaka kwapani.

Balozi kuona vile, akaanza kubeba kitanda chake mwenyewe. Jioni Kigera nzima iko nje kama mnada, na wale vijana wamenawa kila nyumba mpaka ngozi inateleza.

Nyangeta alijifungua dume, linalia kama injini ya mtumbwi.

Nilichojifunza: ukitaka mwananchi akufungulie mlango, muahidi kwanza hutachungulia uvunguni.

Wa Buhare, Bunda, Butiama mliokuwepo, nyie mlifichaga nini? Semeni tu, kesi zenyewe zilishakufa.