Pikipiki ya Maji Isiyobeba Abiria

Siku yangu ya kwanza kazini nilipandishwa juu ya gari kabla hata sijaonyeshwa spana ziliko. Ilikuwa mjini Maua, kwenye gereji iliyotengeneza pikapu za kusafirisha miraa, nami nilikuwa nimevaa shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi kwa makaa, eti mwanawe anakwenda kuandikwa kazi. Fundi Mkuu, mzee wa Kiislamu mwenye kofia iliyokuwa nyeupe kabla ya kuzoea oili, alilitazama lile shati akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kaberia, ile pikapu inakohoa ikipanda mlima," akaniambia. "Dereva anasema ni kabureta. Tajiri anasema ni dereva. Wewe unasema nini?"

"Sijui, mzee."

"Vizuri sana. Panda juu ya mzigo, lala hapo, sikiza. Ukirudi utakuwa unajua."

Nikalala juu ya magunia, gari likaondoka kama linalofukuzwa, nami nikajishika kwa kamba huku upepo ukinifumba macho. Jamani, sijawahi kufurahi vile! Mlimani nikasikia kile kikohozi chini ya tumbo langu, waziwazi. Niliporudi shati lilikuwa rangi ya barabara, lakini nilikuwa na jibu: injini ilikuwa ikikosa petroli. Fundi Mkuu akatikisa kichwa kukubali, akanipa spana yangu ya kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya gereji yake. Hakuna aliyeruhusiwa kumlaumu dereva kabla ya kupanda naye na kusikiza gari likiwa na mzigo.

Kwa nyinyi mliozaliwa wakati wa magari ya kompyuta, kabureta ni chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Petroli ikizidi, moshi unakuwa mweusi na plagi, ile inayotoa cheche za moto, inatoka imepakwa masizi. Hewa ikizidi, plagi inatoka nyeupe, injini inachemka, na ukiendelea kukanyaga mafuta unaweza kutoboa pistoni. Plagi ya rangi ya kahawia, kama chai iliyokolea, hiyo ni injini yenye afya. Haya ya plagi nilifundishwa Mikinduri, nilikohamishiwa baadaye chini ya Msimamizi wa tawi letu, mtu asiyesema zaidi ya maneno machache kwa siku. Alikuwa akifungua plagi, anainusa, anakupa, anaondoka. Ole wako ukiuliza swali.

Huko Mikinduri ndiko nilikopata habari iliyonigeuza maisha. Tajiri wetu, mwenye gereji, alikuwa na rafiki mwenye kambi ya wageni kando ya bwawa la mto Tana, kule chini ya Kiritiri, na kambi hiyo ilitaka fundi wa mashine za maji. Hakuna aliyetaka kwenda. Walisema ni joto, ni mbuzi na vumbi, na mtoni kuna mamba. Mimi nikainua mkono kabla Tajiri hajamaliza kuuliza. Nilikuwa sijaona maji ambayo mtu hawezi kuyaruka kwa hatua moja, na roho yangu ilikuwa inadunda nikayaone. Kuogelea sikujua. Mtoto wa Igembe, kule milimani, angejifunzia wapi, kwenye pipa?

Pale kambini nikaikuta. Ilikuwa pikipiki ya maji, ya aina ile ya kusimama: haina kiti, haina gurudumu, ina usukani ulio kwenye mkono mrefu unaopanda na kushuka, na nyuma kuna kijukwaa cha kupigia magoti. Ukishika kasi unainuka, unasimama wima juu ya maji. Ndani yake mna injini ndogo yenye kelele, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, nayo haizungushi panga kama mashua. Inavuta maji chini ya tumbo na kuyatema nyuma kwa nguvu. Niliizunguka kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua. Nilitaka kuifungua saa ileile.

Meneja wa kambi alikuwa mwanajeshi mstaafu, na alizungumza nasi kana kwamba tuko mbali. Akaniita mbele ya kijana mmoja Mmbeere aitwaye Nyaga, aliyeajiriwa kuiendesha mashine ile ili kuwachangamsha wageni.

"Fundi! Hii mashine inazima katikati ya bwawa. Ikirudishwa hapa, inawaka mara moja. Kila mara! Mimi naona huyu Nyaga anaizima mwenyewe apate kupumzika. Sasa nataka kujua, ni mtu au ni mashine? Ijumaa nipe jibu. Kama ni mtu, arudi kwao Kiritiri akachome makaa."

Meneja alipoondoka ndipo Nyaga aliponigeukia. "Fundi, juzi ilinizimia karibu na viboko. Nimeelea pale nikiwahesabu masikio. Nani anaweza kufanya hivyo makusudi? Na hii kazi ndiyo inalisha mama yangu."

Nilimhurumia, lakini kumhurumia mtu si kutengeneza injini. Nikaanza kwa utaratibu niliofundishwa. Nikafungua kifuniko cha tangi kuangalia petroli, kwa sababu hakuna aibu kama kubomoa injini iliyokosa mafuta tu. Yalikuwapo. Nikatoa plagi: kahawia safi. Nikaziba tundu la plagi kwa kidole na kuizungusha injini, nayo ikanisukuma kidole kwa nguvu, maana yake mgandamizo ni mzuri. Kabureta yake haikuwa na kiboya kinachoelea ndani kama ya pikapu, bali ngozi nyembamba ya mpira inayopumua ndani na nje kuvuta petroli. Nikaikagua kwenye mwanga, haikuwa na tundu. Nikafikiria hata mwinuko wa nchi. Milimani kwetu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyowekwa sawa Maua huwa na njaa ya petroli ikishuka Kiritiri. Nikarekebisha skrubu kidogo. Nikawasha, ikanguruma vizuri kabisa, nikaizima upesi kwa kuwa inapozwa na maji na haivumilii nchi kavu. Kuifungulia mafuta yote, ifike kasi yake ya mwisho, pale ufukoni pia haikuwezekana, ingevuta mchanga.

"Ikizima inazima vipi?" nikamuuliza Nyaga. "Inamisi kwanza, inakwamakwama, ama inakata ghafla?"

"Inazima tu, fundi. Mimi niko bize nisianguke, nitasikiza saa ngapi?"

"Basi kesho tunaenda pamoja nisikize mwenyewe. Nikae wapi?"

Nyaga akanitazama, kisha akaangua kicheko, cha kwanza tangu nifike. "Ukae wapi, Mmeru? Hata mimi mwenyewe sina pa kukaa!"

Hapo ndipo nilipoganda. Miaka yote nilikuwa abiria. Nililala juu ya miraa, nilikaa kando ya madereva, nilining'inia nyuma ya malori ya mchanga, na kila injini ilinieleza shida yake. Hii hapa haikubeba abiria. Ama nisimame juu yake mwenyewe, mimi nisiyejua kuogelea, ama niseme lolote Ijumaa na Nyaga aende zake. Usingizi ulinikimbia kwa hofu, na siwezi kuficha, kwa hamu pia.

Asubuhi Nyaga akanifunga jaketi la kuelea akalikaza mpaka nikashindwa kupumua vizuri. "Ukianguka, usiipigie kelele," akasema. "Itazunguka polepole yenyewe, itakurudia." Nikaanguka. Ikanirudia. Nikaanguka tena upande wa pili. Nilikunywa maji ya Tana ya kutosha mbuzi wote wa Mbeere, na wanawake waliokuwa wakichota maji wakaweka madebe chini watazame. Mmoja akapaza sauti, "Mzee wa suruali ndefu, shuka kwa hiyo kitu, utaacha bibi yako mjane!" Sikuwa na bibi bado. Alhamisi jioni nilisimama. Ufuko mzima ukapiga vigelegele.

Ijumaa asubuhi Meneja alikuwa amekwisha kufika, mikono nyuma. Nikajaza tangi mwenyewe, nikakaza kifuniko, nikaelekea katikati ya bwawa nikiwa nimefungulia mafuta yote. Maji yakawa magumu chini yangu kama lami! Nilikuwa nikipiga kelele za furaha nisizojua zinatoka wapi. Kisha, mbali na kila mtu, nikaisikia. Haikukata ghafla kama moto wa plagi unavyokatika. Ilififia, kama mtu anayepanda mlima akiishiwa pumzi. Nikavuta choki, ile ya kupunguza hewa wakati wa kuwasha injini baridi. Ikafufuka! Ikaruka mbele kidogo, ikafifia tena, ikafa. Nami nikazama mpaka kidevuni.

Niliogopa, jamani. Si mbali, masikio mawili madogo yalitokeza majini, yakatikisika. Nikaikumbatia ile mashine, nikajilazimisha kufikiri. Choki imeifufua, kwa hiyo shida si umeme, ni petroli haifiki. Lakini tangi limejaa. Basi kwa nini ufukoni petroli inafika? Ufukoni tunafanya nini ambacho huku hatufanyi?

Tunafungua kifuniko! Kila fundi, kitu cha kwanza, anafungua kifuniko cha tangi!

Nikajivuta mpaka mbele ya mashine, pua yake ikiwa juu ya maji, nikafungua. Fyuuuu! Hewa ikavutwa ndani ya tangi kwa nguvu. Lilikuwa halipumui. Petroli inapotoka lazima hewa iingie mahali pake, la sivyo tangi linaikatalia injini. Nikafunga, nikabonyeza kitufe, ikawaka. Sijui niliinuka vipi. Najua tu kwamba nilirudi nikiwa nimesimama, nikiimba wimbo wa kanisani kwa Kimeru kwa sauti ya juu kabisa.

Ufukoni nikang'oa kimpira chembamba cha kupumulia tangi, nikampa Nyaga apulize. Akapuliza mpaka macho yakamtoka, hewa isipite. Nikakipasua kwa kisu mbele ya Meneja. Ndani kulikuwa na udongo mkavu, umekandwa vizuri, na ganda la buu katikati.

"Haya, fundi," Meneja akasema. "Ni mtu au ni mashine?"

"Bwana Meneja, ni nyigu. Amejenga nyumba."

Akakichukua kile kimpira akakichungulia ndani. Hakuomba msamaha, hakuwa mtu wa hayo. Alimwambia Nyaga, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Kesho wageni wanakuja. Uwe tayari." Nyaga akaingia majini na nguo zake zote akajimwagia maji usoni, ili tusijue anachofuta. Mimi nilijua, nikageuka nikakusanya spana.

Nilikaa pale kambini mpaka nilipostaafu, chini ya mameneja kadhaa, na kila mmoja aliniuliza swali lilelile kwa namna yake. Sikumjibu hata mmoja kabla ya kupanda. Sasa naishi Mikinduri, na majirani huniletea bodaboda zao wakidai mwendeshaji ameharibu. Nasema lete ufunguo. Mke wangu hutoka jikoni akaniuliza kama nimesahau magoti yangu, lakini nikirudi ninakuwa na jibu, na mara nyingi yule mwendeshaji hakuwa na kosa.

Nyaga alipanda cheo akawa mkuu wa mashua zote, naye amestaafu mwaka huu. Juzi alinipigia simu.

"Mmeru, umejifunza kuogelea?"

"Bado."

"Na ulienda kule kati peke yako, kwa viboko!" Kisha akasema, "Mama yangu alikuwa akikuombea kila Ijumaa, fundi. Mpaka Mungu alipomchukua."